Shairi Lililotaka Kuvunja Posa ya Dada Zubeda

Sisi tuliokuwa watoto Mtae miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tulisoma hadithi zetu nyingi kwenye karatasi za kufungia sukari. Mwenye duka alikuwa akileta magazeti ya zamani kutoka Lushoto, anayachana, anayakunja kama pembe, anatia sukari robo, na wewe unarudi nyumbani umebeba sukari pamoja na nusu ya mkasa. Ukifika, sukari inamwagwa kwenye kopo, karatasi inanyooshwa kwa kiganja, na hapo ndipo unapogundua kwamba msichana wa watu amefungiwa kwenye chumba cha hoteli, jambazi yuko mlangoni, na kilichobaki kimefungia sukari ya mtu mwingine. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba kuulizia. "Shikamoo mama. Samahani, nyie leo mmenunua sukari?" Watu wazima walidhani tunatafuta chai.

Vijana wa leo wana hadithi nzima kwenye simu, mwanzo mpaka mwisho, na bado wananiambia, "Mama mdogo, ni ndefu sana." Ndefu! Sisi tulipanda kilima na mvua ikitunyeshea tukifuata aya mbili, na moja ilikuwa tangazo la betri.

Mliokua wakati huo mnakumbuka ilivyokuwa. Jana yake tu tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tukisubiri sabuni ya mche, kila mtu na kikapu chake, halafu ghafla ikawa kila kitu kipo. Sabuni za rangi na harufu, redio za betri, biskuti za maboksi, na mitumba. Marobota ya mitumba yalipanda kutoka Mombo juu ya paa la basi, yakafunguliwa sokoni, na mji mzima ukabadilika sura. Mimi nilipata sweta lenye maneno kifuani ya lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuijua. Nililivaa miaka mingi bila kujua natangaza nini. Mchana tulikuwa tunateleza mtelemkoni juu ya magome ya mgomba mpaka sketi zinatoboka, na jioni tunapigwa kwa ajili ya hizo sketi, na kesho yake tunateleza tena.

Pamoja na mitumba vikapanda vitabu. Vilikuwa vyembamba, karatasi zake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu ya jalada palikuwa daima na mwanamke anayelia na mwanamume mwenye bastola. Wakati mwingine bastola alikuwa nayo mwanamke, na hapo kitabu kiligombewa.

Mama yangu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, na vitabu vya kisomo vilikuwa vya mbolea, vya choo bora na vya kuchemsha maji. Aliijua habari ya kuchimba choo mstari kwa mstari. Kwa hiyo hadithi za mapenzi na upelelezi zilipofika nyumbani, alizipokea kama mtu aliyenyweshwa dawa miaka mingi halafu siku moja akaonjeshwa asali. Hakutaka tena kingine.

Msomaji wetu alikuwa Dada Zubeda. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani akilima viazi na kabichi na Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo, haina haraka. Mchana wa mvua tulikaa jikoni, sufuria ya makande ikichemka, sisi tukipukuchua maharage, yeye amekaa karibu na mlango ili apate mwanga. Jirani yetu Mama Eliza, mwanakwaya wa Kilutheri aliyekuwa na shamba mpakani na letu, alikuja na kikapu chake cha maharage akisema anatafuta joto la moto. Moto alikuwa nao kwake. Alichofuata ni hadithi.

Laiti ningeweza kuwaletea leo wale wanawake wawili, muwakalishe mbele ya waandishi wetu wapya. Mama aliwachambua wapelelezi bila huruma. "Huyu mtu tangu asubuhi anafukuzana na majambazi," alisema, "hajala hata kiazi. Sasa atawashika kwa nguvu gani?" Kukiwa na mapenzi ya ghafla, alimsimamisha Zubeda. "Hebu rudia hapo. Amemwona kwenye lifti tu, tayari hawezi kulala? Lifti ndiyo nini?"

"Ni kachumba, Mama. Unaingia, kanakupandisha juu kenyewe."

"Mwanamume na mwanamke wamo humo peke yao?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi," akasema Mama Eliza akitikisa kichwa, "hapo ndipo shetani alipowakuta."

Mama Eliza alitaka kila jambazi atubu kabla ya kufa. Mwandishi akimpiga mtu risasi bila kumwachia nafasi ya kusali, Mama Eliza alikasirika kwa siku nzima. "Mwandishi mchoyo," alinung'unika. "Angempa hata sentensi moja."

Baba alisema hadithi zote hizo ni porojo. Alisema hivyo akiwa amekaa barazani, kiti chake amekisogeza mpaka chini ya dirisha la jiko. Zubeda akifika penye hatari na kushusha sauti, tulisikia kikohozi kutoka nje. "Someni kwa sauti," angesema, "hiyo minong'ono inawatisha mbuzi."

Yeye alikuwa mtu wa mashairi. Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa Mshambaa wa mlimani, mkulima wa viazi, lakini ujana wake aliumalizia Tanga akipakia mizigo, na huko wazee wa pwani walimfundisha kutunga. Alirudi Mtae na shati mbili na elimu ya vina na mizani, na shati zilipochakaa elimu ilibaki. Alitungia kila kitu. Alitungia mvua, alitungia ng'ombe aliyekataa kukamuliwa, alilitungia basi lililolala njiani na kabichi zetu zikaoza. Kipindi cha mashairi redioni kilipoanza, hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya. Alisikiliza ameinua vidole, anahesabu silabi, na mtunzi akiteleza aliruka kama mwamuzi wa mpira. "Amekosa moja! Mmemsikia? Amekosa moja, na wamempa nafasi redioni!"

Kila siku baada ya sala ya alasiri alighani utungo wake mpya barazani, na Zubeda alikaa kwenye ngazi kumwitikia. Mwisho wa kila ubeti aliitikia, "Naam." Si lolote zaidi ya hilo. Lakini Baba aliijua naam ya Zubeda: ilikuwapo naam ya ubeti mzuri na ilikuwapo naam ya ubeti wa kujazia, na mara nyingi nilimwona akisimama katikati, anajikuna kidevu, halafu anasema, "Huo nitaurudia kesho." Wengine tukiitikia hakutusikia kabisa.

Ndipo akaja Mwalimu Hemedi.

Alikuwa kijana wa Tanga mjini, katoka chuo cha ualimu moja kwa moja, akapangwa shule yetu kufundisha Kiswahili. Siku ya kwanza alishuka kwenye basi akitetemeka kwa baridi ndani ya koti la mtumba lililokusudiwa mtu mkubwa mara mbili yake, mikono imemeza vidole. Kwa sanduku alilobeba tulidhani ameleta nguo nyingine. Lilikuwa na vitabu. Habari zikafika jikoni kwetu kabla hajapata chumba cha kulala.

"Zubeda," Mama akasema, "nenda kamwamkie mwalimu, umuulize kama anaazima."

Akaazima. Na kila Zubeda aliporudisha kitabu, Hemedi alimuuliza swali moja. "Umekionaje?" Mnaweza msione uzito wa swali hilo. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza dada yangu anaonaje jambo lolote, isipokuwa chumvi kwenye mboga. Mwanzoni alijibu "kizuri" na kukimbia. Halafu akaanza kujibu sawasawa. Alimwambia kwamba mke katika kile kitabu cha pili alilia mno mpaka msomaji akakosa nafasi ya kumlilia. Alimwambia kwamba tajiri mbaya ndiye peke yake aliyeonekana mtu, wengine ni majina. Naye Hemedi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni na koti lake lile, akibisha hapa na pale, naye Zubeda akimbishia, mimi nimesimama kando nimechoka kusubiri. Wapenzi wa hadithi za Mama walitupiana macho kwenye lifti. Hawa walipendana kwa kubishana juu ya watu wasiokuwapo.

Mwalimu mkuu alipoleta posa kwa niaba ya Hemedi, Baba alifurahi kupita kiasi. Si kwa sababu ya ualimu. Mtu fulani msikitini alikuwa amemnong'oneza kwamba kijana anatunga mashairi. "Mtunzi!" Baba alituambia, anazunguka uani. "Tena wa Tanga! Mungu anipe nini tena?" Kwa kawaida mposaji haji mwenyewe siku ya posa, washenga humsemea, lakini Baba alituma neno kwamba kijana aje mwenyewe ili asikike.

Mama alichinja kuku. Chai ya maziwa ikachemshwa na tangawizi, viazi vitamu vikapangwa kwenye sinia. Hemedi alikuja na mwalimu mkuu, kanyoa, koti kalipiga pasi. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia likiwa limefunguka kadiri ya jicho. Zubeda alikaa kitandani kainama, kashika magoti.

Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za mashamba, kisha Baba akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nasikia unatunga."

"Najaribu, mzee."

"Tupe basi tusikie. Mimi nitakuitikia."

Hemedi akasimama. Akaangalia pazia kidogo tu, akasema polepole:

"Ukungu umeingia bila hodi,
umekaa juu ya matuta ya kabichi,
hausemi umekuja kwa nani.
Mama anauliza, nani yuko nje?
Nasema, hakuna mtu.
Lakini kuna mtu."

Akanyamaza. Baba alikuwa ameinua vidole vyake tayari kuhesabu. Vilibaki hewani.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha, mzee."

"Imekwisha wapi? Haijaanza."

Mwalimu mkuu akakohoa. Hemedi akasema kwa adabu kwamba huo ni utungo huru, kwamba wako watunzi wanaotunga hivyo siku hizi, hawafuati vina.

"Siku hizi kila kitu ni huru," Baba akasema. "Soko huru, bei huru, na sasa shairi nalo limeachiwa lizurure. Haya maneno, mwanangu, umeyapanga kwa kipimo gani?"

"Kwa sikio, mzee. Sikuyatupa ovyo. Nimeyapanga kwa sikio."

"Na mimi nina masikio mawili, sijasikia kitu." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, kuku ni wenu, kuleni mshibe. Lakini mtoto simtoi. Mtu anayekuja kuniomba binti kwa maneno yaliyomwagika namna hii, nyumba yake naye ataimwaga hivyohivyo. Akitaka, arudi na kitu timamu. Vina, mizani, beti. Nitamsikiliza."

Walikula kuku yule kama watu wanaokula matangani. Nyuma ya pazia Mama aliuma pindo la kanga yake, sikujua ni hasira au kicheko. Zubeda hakuinua uso.

Leo nikiwasimulia vijana wanacheka, wanadhani natia chumvi. Posa kuvunjika kwa sababu ya vina! Wao posa zao huvunjika kwa sababu fulani ameonekana mtandaoni saa fulani na hakujibu. Sisi tulikuwa na sababu za maana.

Mtae nzima ikagawanyika. Bombani, msikitini, kwenye mazoezi ya kwaya, watu ambao hawajawahi kushika kitabu walibishana juu ya utungo wa mistari sita. Wazee walikuwa upande wa Baba. Mama Eliza alikuwa upande wa mwalimu. "Mimi sala zangu hazina vina hata kimoja," alimwambia Baba juu ya ua, "na Mungu anazisikia." Baba akamjibu kwamba Mungu ana subira kuliko yeye.

Hemedi naye alikuwa na kiburi chake. Alisema hatatunga. Vina ni minyororo, alisema, na hawezi kumwomba mtu mke kwa sauti isiyokuwa yake. Nilikuwapo aliposema, kwa sababu tulikutana naye njiani tukitoka shambani, Zubeda na furushi la kabichi kichwani, mimi nyuma yake na furushi langu dogo.

"Minyororo?" Zubeda akasema. Hakutua mzigo. "Baba yangu anatungia humo tangu sijazaliwa. Mimi nimekua kwa sauti hiyo, mwalimu. Kila kitabu ulichoniazima nimekisoma, hata nilivyovichukia. Nawe kisome cha kwetu. Jaribu, ushindwe ukiwa umejaribu."

Akampita. Hemedi akabaki amesimama kwenye matope, mikono imepotea ndani ya koti.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zubeda hakugombana na mtu. Alipika, alifua, alimwamkia Baba kila asubuhi kwa heshima zote. Ila baada ya alasiri hakukaa tena kwenye ngazi. Baba alighani ubeti wa kwanza, akanyamaza kusubiri, na kilichomjibu ni kuku wa Mama wakiparua uani. Akaghani wa pili. Kimya. Siku za kwanza aliongeza sauti, kana kwamba tatizo ni masikio yetu. Baadaye akaanza kughani nusu, kisha akawa anakaa tu, redio mapajani, haijafunguliwa.

"Unaozesha mtoto au unaozesha shairi?" Mama akamuuliza siku moja.

"Vyote viwili vinatoka nyumbani kwangu," Baba akajibu. Lakini hakusema kwa nguvu.

Ndipo alipomwita Zubeda. Tulikuwa jikoni, tukasikia kila kitu. Dirisha lile lilifanya kazi pande zote mbili.

"Umeniacha naghani peke yangu," Baba akasema.

"Samahani, Baba."

"Yule kijana, maneno yake yale, wewe uliyaonaje?" Hata Mama aliacha kuchochea moto. Baba naye hakuwahi kumuuliza hivyo maishani.

Zubeda akajibu, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Nilikuwa mdogo, ukinipa beti zako, ukaniambia niseme naam pale tu ninaposikia kitu. Siku ile sikuitikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia. Lakini nilisikia kitu."

Baba alichukua jembe akaenda shambani, ingawa jua lilikuwa limeanza kushuka na ukungu umekwisha kuanza kupanda kutoka bondeni.

Haukupita muda mrefu Mwalimu Hemedi akarudi na mwalimu mkuu. Safari hii hakukuwa na kuku, Mama alisema hachinji mwingine kwa ajili ya fasihi. Hemedi alikuwa amekonda. Baadaye Zubeda alituambia kwamba alikesha kwa silabi, kwamba watoto wa darasa la sita walimkuta akitembea huku anahesabu vidole, wakadhani ameanza uchawi. Akasimama palepale aliposimama mwanzo, akaghani:

"Nimekuja kwa heshima, mbele yako baba yangu,
Nina nia ilo njema, itokayo moyo wangu,
Ndoa jambo la hekima, twaambiwa naye Mungu,
Nipokee kwa huruma, nisibaki na uchungu."

Zikafuata beti nyingine za namna hiyo. Vidole vya Baba vilikwenda juu na chini, juu na chini, na havikukwama hata mara moja. Hemedi alipomaliza, jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile.

"Mizani imetimia," Baba akasema.

"Ahsante, mzee."

"Vina vya kati vimetimia. Vya mwisho vimetimia." Akainamisha kichwa, akajikuna kidevu kwa muda. Mwalimu mkuu alianza kutabasamu. "Lakini, mwanangu, ni baya."

Mwalimu mkuu akaacha kutabasamu.

"Ni baya sana," Baba akaendelea, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa kama ya mtu anayemwambia mwenzake habari za msiba. "Ningekuwa mwongo ningelisifu, maana ndilo nililoliagiza. Limepimwa, limekatwa, limeshonwa, na ndani yake hakuna mtu. Mimi nimetunga mengi kama hili. Zubeda anayajua, huwa ananiitikia kwa kunihurumia. Lile la kwanza lilikuwaje? La ukungu."

"Mzee?"

"Lirudie. Nililala nalo, nikaenda nalo shambani. Nilikuwa kwenye matuta yangu, ukungu ukanikuta, nikajikuta nageuka kuangalia nyuma. Hakukuwa na mtu. Nikakasirika sana, maana lako ndilo lililonigeuza, na halina hata kina kimoja. Lirudie."

Hemedi akalirudia, safari hii kwa sauti ndogo. Alipofika "Lakini kuna mtu" akasimama, na chumba kizima kikasikia, kutoka nyuma ya pazia, sauti ya Dada Zubeda:

"Naam."

Ilikuwa ile naam nzuri. Baba aliijua. Alifumba macho, akayafumbua, akamwambia mwalimu mkuu, "Haya. Tuzungumze mambo ya arusi. Ila lile silitambui kuwa shairi. Sijui ni nini. Na arusini lisisomwe, kuna wageni."

Arusini alighani yeye. Alighani beti nyingi sana, wali ukapoa, watoto wakalala kwenye mikeka, na bwana arusi ndiye aliyeitikia kila ubeti, wala hakudanganya naam hata moja. Baadaye Hemedi alihamishwa kwenda upande wa Mponde, wakajenga huko karibu na mashamba ya chai, na kila sikukuu alipokuja Mtae walikaa barazani, mkwe na baba mkwe, wakigombana kuhusu vina mpaka Mama anawatishia kuwanyima chakula. Baba alikufa hajakubali. Hadi mwisho aliuita utungo ule "yale maneno ya mwalimu," na hadi mwisho aliyakumbuka yote.

Mimi sasa ndiye mwenye nywele za kijivu, na nasoma kuliko wakati wowote. Wiki hizi nimesoma riwaya ya kijana mmoja wa mjini. Kaandika vizuri, hasa pale dereva wa bodaboda anaporudi kwao bila pikipiki na mama yake haulizi. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi. Lakini wapenzi wake wanaandikiana ujumbe kitabu kizima, wanatumiana vicheko, mpaka nikatamani simu iishe chaji ili waonane. Nimesoma na mashairi mapya. Yapo yaliyonikalisha chini. Yapo mengine ambayo kila mstari una neno moja, nikageuza ukurasa nikidhani kiwanda kiliishiwa wino. Nimejisikia nikisema peke yangu, "Haijaanza," nikacheka mpaka machozi.

Kinachonikwaza si vijana kuandika. Wanaandika wengi kuliko sisi, tena bila kuogopa. Kinachonikwaza ni jinsi tunavyowapokea. Zamani mtu akitoa mistari sita kijiji kizima kilikosa usingizi. Leo mtu anatoa moyo wake wote hadharani, na sisi tunampa kidole gumba na kuendelea kupekua. Kila kitu ni kizuri. Kila mtu ni hodari. Hakuna anayevunjiwa posa, na hakuna anayesomwa.

Juzi Salha, binti wa mwisho wa Zubeda na Hemedi, aliweka shairi lake kwenye kundi la familia. Yuko Dodoma, anafanya kazi za ofisi. Lilikuwa shairi la mwanamke anayekula chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za jengo. Kabla sijavaa miwani, ndugu walikuwa wamekwisha kumwaga mioyo myekundu na makofi, mpaka binamu yetu ambaye najua hasomi hata maelezo ya dawa. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo. Shairi langu uliliona?"

"Marahaba. Nililisoma."

"Umelionaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba zile ngazi naziona, na kile kifuniko cha bakuli anachokishika kama mkono wa mtu nakiona, lakini mstari wa mwisho unaeleza tena kitu alichokwisha kunionyesha. Aufute.

"Mama mdogo," akasema, sauti imebadilika, "huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote."

"Basi utetee."

Akautetea. Alianza kwa adabu, akaiacha njiani. Aliniambia sijawahi kufanya kazi ofisini, aliniambia sielewi upweke wa watu wengi, aliusoma mstari ule kwa sauti mara tatu, kila mara kwa namna yake, huku nami nikimwambia bado, bado, sisikii. Chai yangu ilipoa mezani. Hakunishawishi, wala mimi sikumshawishi. Akaniaga akiwa amenuna kabisa, akakata simu.

Kesho yake asubuhi, hata kitanda sijatandika, simu ikaita tena.

"Shikamoo, mama mdogo. Sikulala vizuri. Sasa nisikilize."

Nikavuta kiti.